Mazoea Hujenga Tabia: Mwaka Mmoja Mezani pa Mzee wa Risasi

Wahenga walilonga kuwa mazoea hujenga tabia. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, nikaipambia insha, nikapewa alama, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza ina uzito gani katika maisha ya mtu. Niliijua kama mtu ajuavyo jina la mtaa asiowahi kuutembelea. Aliyenipeleka hadi mtaani humo hakuwa mhadhiri wa fasihi wala mwanaisimu. Alikuwa mzee wa Kimarekani, fundi mitambo mstaafu, aliyekuwa akijitengenezea risasi za bastola katika chumba cha chini ya nyumba yake jimboni Ohio. Naelewa, msomaji mpendwa, kuwa risasi ni mada ngeni katika kurasa za jarida kama hili. Nakuomba ustahimili kidogo, kwani ninayotaka kuyasimulia yanahusu kosa langu mwenyewe, na kosa hilo nililitenda kwa kalamu, si kwa bunduki.

Yafaa nianze na nyumbani. Nilizaliwa na kulelewa kaskazini mwa Bonde la Ufa, mahali ambapo bunduki haijawahi kuwa chombo cha mchezo. Mjomba wangu alikuwa askari wa akiba, mmoja wa wanakijiji waliopewa silaha ili kuwalinda watu na mifugo dhidi ya wezi. Jioni moja, nikiwa darasa la sita, aliketi uani akiipangusa bunduki yake kwa kitambaa. Binamu yangu, tuliyelingana umri, alikuwa amechuchumaa mbele yake akitazama. Mama alipomkanya mjomba asifanye kazi ile mbele ya watoto, mjomba alijibu kwa utulivu, "Haina kitu." Haikupita hata dakika moja, bunduki ikalia. Binamu yangu alikatwa mguu juu ya goti, na hadi leo hutembea kwa magongo. Tangu siku ile maneno hayo mawili, "haina kitu", yalikaa kichwani mwangu kama mwiba uliovunjikia ndani. Niliapa kutoikaribia silaha maishani.

Katika mwaka wa masomo wa 2022/2023 nilibahatika kuteuliwa katika mpango wa Fulbright unaowapeleka vijana wa mataifa mbalimbali Marekani kusaidia kufundisha lugha za kwao. Darasa langu la Kiswahili cha mwanzo lilikuwa na wanafunzi 11. Kumi walikuwa vijana. Wa kumi na moja alikuwa na miaka 71, kwa kuwa sheria ya jimbo la Ohio huwaruhusu wakazi wenye umri wa miaka 60 na zaidi kuhudhuria masomo katika vyuo vya umma bila karo, mradi nafasi ipo. Bintiye aliwahi kujitolea kufundisha nchini Tanzania, naye alitaka kuielewa lugha iliyomrudisha mtoto wake akiwa mtu mwingine. Nilipowaeleza wanafunzi kuwa "mzee" kwetu ni jina la heshima wala si tusi, alitabasamu kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo nikawa namwita Mzee, naye akaniita Mwalimu, ingawa alinizidi umri kwa zaidi ya miaka 40.

Wiki ya sita tulisoma msamiati wa uraibu. Mmoja alisema anapenda kuogelea, mwingine kusoma riwaya. Mzee alisimama akatamka kwa ufasaha wa kutisha, "Mimi ninapika risasi." Darasa zima halikuelewa; mimi ndimi niliyepigwa na butwaa. Alikuwa amekosa kitenzi cha "kutengeneza", akaazima kile cha jikoni. Baada ya kipindi alinieleza kuwa yeye ni mshindani wa kulenga shabaha kwa bastola tangu ujanani, na kwamba risasi anazoshindania huziunda mwenyewe. Kisha akanialika nikalione "jiko" lake. Nilisita. Nilimsimulia habari za binamu yangu, nikidhani kwamba mwaliko ungeishia hapo. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema kwa Kiingereza, "Basi hasa wewe ndiwe unayepaswa kuja."

Kabla hatujashuka ngazi, Mzee aliniketisha akanieleza sheria. Nchini Marekani, raia asiyezuiwa na sheria kumiliki silaha anaweza kujiundia risasi kwa matumizi yake mwenyewe bila leseni ya serikali ya shirikisho. Akitaka kuziuza, sharti awe na leseni ya mtengenezaji. Mgeni aliyeingia kwa viza ya muda kama yangu, hata hivyo, hukatazwa kumiliki silaha au risasi isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, na katika sheria hiyo neno risasi hujumuisha hata ganda tupu, fataki na baruti. "Kwa hiyo hutagusa kitu," alisema. "Lakini hakuna anayekukataza kalamu. Utakuwa karani wangu." Hapa kwetu Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humtaka kila mwenye silaha au risasi awe na cheti. Naomba basi nieleweke: nasimulia kama shahidi, si kama mkufunzi wa ufundi huo.

Jambo la kwanza lililonipokea katika chumba kile lilikuwa mngurumo. Kulikuwa na chombo cha mviringo kilichokuwa kikitetemeka, na ndani yake maganda ya risasi yaliyokwisha kutumika yalikuwa yakisuguana na unga mkavu wa rangi ya hudhurungi. Nilipouliza unga ule ni wa nini, Mzee alicheka: yalikuwa magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Sisi huyawashia moto; wao huyasafishia shaba. Baada ya kung'arishwa, kila ganda lilichunguzwa kama lina ufa. Lililo zima lilisukumwa kwa mashine ya mkono ndani ya kalibu ya chuma iliyolirudisha katika kipimo chake cha awali na kuitoa fataki iliyochomeka. Kisha fataki mpya ilipachikwa kitakoni, baruti ikapimwa na kumiminwa, kichwa cha risasi kikakalishwa mdomoni, na mdomo ukabanwa kidogo ili usikiachie. Ganda la shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, laweza kurudiwa mara nyingi kabla halijachoka. Hapo ndipo penye nafuu ya gharama. Lakini Mzee alishikilia kuwa hakuifanya kazi ile kwa sababu ya fedha. Mshindani hutaka risasi ya leo ifanane na ya jana, ili anapokosa shabaha ajue kuwa kosa limetoka mkononi mwake.

Kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa lugha, nililipa fadhila kwa maneno. Nilimweleza kuwa "risasi" katika Kiswahili ni jina la madini kabla hayajawa silaha. Neno lenyewe lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya madini hayo mazito, laini na ya kijivu. Nilimweleza habari za gumegume, bunduki iliyotegemea cheche za jiwe, na za gobori lililoshindiliwa kupitia mdomoni kwa ufito uitwao mdeki. Nilimweleza kuwa fataki, kabla haijawa jina la mapambo ya moto wa sherehe, ilikuwa kile kikofia kidogo kilichogongwa na nyundo ya bunduki. Kila aliyebeba gobori katika pwani na bara yetu alilazimika kujipimia baruti kabla ya kila mlio. Kisha nikamfunulia lile nililoona kuwa tunu kuliko yote: kwamba katika kamusi za zamani, risasi kamili, yenye ganda na baruti yake, iliitwa kiasi cha bunduki. Kiasi! Neno lile lile tulitumialo kwa kipimo na kwa mwenendo wa mtu asiyevuka mpaka. Mzee aliliandika neno hilo kwa herufi kubwa kwenye kadi, akaibandika ukutani juu ya meza yake.

Alikuwa na sababu ya kulipenda. Bastola yake ya mashindano ilikuwa rivolva ya kipimo cha .38 Special. Ganda la risasi hiyo lilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19, enzi ya baruti nyeusi ambayo ilihitaji nafasi kubwa. Baruti ya kisasa isiyo na moshi ina nguvu nyingi katika ujazo mdogo, na kiasi kinachohitajika kwa risasi nyepesi ya kulengea hakifiki hata robo ya gramu. Hupimwa kwa greni, yaani punje, kwa kuwa asili ya kipimo hicho ni uzito wa punje ya nafaka. Punje 7000 hufanya ratili moja. Tatizo ni kuwa punje hizo chache hukaa chini kabisa ya ganda refu kama unga uliosalia ndani ya debe. Ukimimina mara mbili kwa bahati mbaya, ganda halifuriki likakuonya, na bastola yaweza kupasuka mkononi. Ukisahau kumimina, ganda tupu na ganda lenye baruti hufanana mno machoni pa mtu aliyechoka. Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa cha risasi hadi katikati ya mtutu na kukiacha kimekwama humo. Atakayefyatua ya pili nyuma yake atakuwa amefyatua dhidi ya ukuta.

Ili kujikinga na hatari hizo mbili, Mzee hakutegemea akili yake, ingawa alikuwa nayo tele. Alitegemea mazoea. Mezani hapakuwekwa zaidi ya aina moja ya baruti. Hakunywa, hakula, na alipomaliza alinawa mikono kwa sabuni kwa sababu ya sumu ya madini ya risasi. Maganda 50 yalipangwa katika ubao wenye matundu 50, safu tano za kumi kumi. Akishayamimina yote, alichukua taa ndogo, akaimulika kila safu na kuchungulia ganda moja baada ya jingine. Safu ikikamilika alitamka kwa Kiswahili, "Nimeona." Hapo mimi karani nilitia alama ya vema kwenye daftari. Alama tano zikitimia, ndipo vichwa vya risasi vilipokalishwa. Daftari hilo lilikuwa na tarehe, idadi, aina ya vifaa, idadi ya mara ambazo maganda yalikuwa yametumika, na safu hiyo ya alama zangu.

Mazoezi ya kulenga nayo yalikuwa na utaratibu wake. Mchezo alioupenda ni wa kulenga kwa mkono mmoja, ule ambao mashindano yake makuu yana historia ndefu katika Camp Perry, kando ya Ziwa Erie, ambako mashindano ya kitaifa ya shabaha yalianza kufanyika mwaka 1907. Mshindani hufyatua risasi kumi katika dakika kumi kwa umbali wa yadi 50. Kisha, kwa yadi 25, hufyatua tano tano, kwanza katika sekunde 20, halafu katika sekunde 10. Kila usiku Mzee alifanya mazoezi kwa dakika 15 bila risasi. Risasi zote zilibaki zimefungiwa chumba kingine. Aliifungua bastola, akaitazama, akapitisha ncha ya kidole katika kila tundu, kisha akaielekeza kwenye ukuta wa mawe wa chumba kile. Jicho lake halikutazama shabaha, bali alama ndogo iliyoko mwisho wa mtutu. Kidole cha shahada kilikaa nje ya kifyatulio hadi bastola ilipotulia, kisha kikakivuta taratibu mno hata mlio mdogo wa nyundo ukamshtua yeye mwenyewe. Nilipomuuliza kwa nini anaitazama bastola ambayo ameifungua sasa hivi kwa mkono wake, alinijibu, "Silaha zote zina risasi, hasa zile ambazo hazina." Nilikumbuka uani kwetu, nikanyamaza.

Siku nyingine alinisimulia habari za Károly Takács, sajini wa jeshi la Hungary. Mwaka 1938 bomu la mkono lilimlipukia na kuuharibu mkono wake wa kulia, ule aliokuwa akilengea. Badala ya kuuaga mchezo, alijifunza upya kwa mkono wa kushoto, kimyakimya, bila kuwaambia wenzake, na mwaka uliofuata akashinda ubingwa wa nchi yake. Vita Vikuu vya Pili vikaifuta michezo ya Olimpiki ya 1940 na 1944. Mwaka 1948 huko London, akiwa na miaka 38, alitwaa dhahabu ya bastola ya kufyatua kwa kasi kwa alama 580, na mwaka 1952 huko Helsinki akaitwaa tena. Mimi niliisikia kama hadithi ya ushujaa. Mzee aliiona kama hadithi ya utaratibu: kwamba kilichokuwa kimejengwa ndani ya Takács hakikuwa mkono, ndiyo maana kiliweza kuhama.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Kufikia Februari 2023 nilikuwa nimetia alama mamia kwa mamia. Sikumbuki ni usiku gani nilianza kuzitia mapema. Nadhani ilianza kwa kuitarajia sauti: Mzee akifika ganda la tisa, kalamu yangu ilikuwa tayari inagusa karatasi. Kisha ikawa naitia alama akifika la saba, halafu la tano. Mwishowe nikawa naziandika mbili au tatu kwa pamoja, kwa kuwa siku zote jibu lilikuwa lile lile, na kwa kuwa kalamu iliyosubiri ilinichosha. Hakuna aliyenifundisha uzembe huo. Ulijijenga wenyewe, tone baada ya tone, kama chokaa katika birika.

Usiku mmoja nilikuwa nikimsimulia Mzee mojawapo ya ngano za Sungura huku yeye akikagua. Alifika katikati ya safu ya tatu, akainua kichwa, akacheka kwa ujanja wa Sungura hata akaitua taa mezani. Tukazungumza kidogo. Alipoishika tena taa aliuliza, "Tumefika wapi?" Nikatazama daftari. Alama tatu zilikuwepo, nyeusi, safi, kwa mwandiko wangu. Nikajibu bila kusita, "Safu ya tatu imekwisha." Naye, aliyekuwa hajawahi kuuamini mkono wake mwenyewe, aliliamini daftari. Akaendelea na safu ya nne.

Wiki tatu baadaye nilimsindikiza kwenye mashindano madogo ya klabu. Nilisimama nyuma kabisa, nyuma ya kamba ya watazamaji, vizuia kelele vikiwa masikioni. Washindani walikuwa wanane mstarini. Ikaja zamu ya risasi tano katika sekunde 10. Shabaha zikageuka, milio ikaanza kupishana. Mlio wa kwanza wa Mzee, mkono ukaruka na kutulia. Wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu haukulia. Kilisikika kishindo hafifu kama cha mtu anayefunga kitabu, na mkono haukuruka. Fikiria, msomaji, muda uliokuwepo: mshindani ana takriban sekunde mbili kwa kila risasi, saa inakimbia, wenzake wanaendelea kufyatua kushoto na kulia, na kidole kimezoea kurudi. Rivolva haisubiri, ukivuta tena, tundu linalofuata huja lenyewe. Mzee hakuvuta. Aliitua bastola ikiwa bado imeelekea shabaha, akainua mkono wa kushoto juu, akasimama kama mlingoti hadi shabaha zilipogeuka na milio ikakoma.

Msimamizi alikuja. Bastola ikafunguliwa na kuondolewa risasi zote. Ufito mwembamba ukapitishwa kwenye mtutu kutokea mdomoni, ukagota. Nilipouona ufito ule niliwaza jina lake kwa Kiswahili, mdeki, na tumbo likanisokota. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama ndani. Washindani wenzake walimpigapiga bega na kumpongeza kwa kuacha kwa wakati. Yeye alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia, akiufumbata na kuufumbua.

Tulirejea kwa gari bila maneno kwa muda mrefu. Kisha akasema, akijisemea zaidi kuliko kuniambia, "Niliiruka. Lakini niliichunguliaje nisiione?" Hapo nilikuwa na njia ya kunyamaza. Daftari lilikuwa likinitetea. Alama tano zilikuwa mahali pake. Naungama kuwa nilisafiri maili kadhaa nikiipima njia hiyo. Hatimaye nilimwambia yote: jinsi nilivyokuwa nikitia alama kabla ya kusikia neno, na jinsi nilivyomjibu usiku ule kutoka kwenye karatasi badala ya kutoka kwenye kumbukumbu. Hakuniangalia. Aliendesha hadi kwenye kituo cha mafuta, akasimamisha gari, akakaa. Kisha akasema, "Asante kwa kuniambia, Mwalimu. Sasa tuna kazi."

Kazi yenyewe ilituchukua jioni tatu. Kila risasi iliyosalia katika kundi lile, na katika makundi yote niliyoyatilia alama tangu Januari, ilivunjwa na kurudishwa katika sehemu zake: ganda huku, kichwa kule, baruti ikamwagwa. Hakunikaripia, na laiti angenikaripia ningepata nafuu. Alibadilisha utaratibu tu. Tangu hapo alama ilitiwa baada ya neno kutamkwa, nami sharti nilirudie neno hilo kwa sauti kabla ya kuandika. Kukitokea lolote la kukatiza, hata kubisha hodi mlangoni, ukaguzi ulianza tena kwenye safu ya kwanza. Hadithi za Sungura zikahamishiwa jikoni, kwenye chai.

Ndipo nilipoielewa methali niliyoipambia insha. Mazoea ya Mzee yaliuokoa mkono wake. Mazoea yangu ndiyo yaliyouweka hatarini. Yote mawili yalijengwa kwa njia moja, kwa kurudiarudia, na hakuna lililopiga hodi kabla ya kuingia. Mazoea hayachagui wema. Hujenga chochote unachokirudia, hasa unachokirudia wakati huna habari kuwa unakirudia. Na niligundua jambo jingine lililonikosesha usingizi. Alama yangu ya vema na yale maneno ya mjomba, "haina kitu", vilikuwa sentensi moja. Kila kimoja kilikuwa kauli ya mtu aliyetoa ushahidi wa kitu asichokitazama.

Nilirejea nyumbani katikati ya mwaka 2023. Binamu yangu siku hizi ni fundi wa cherehani; mashine yake huiendesha kwa mguu mmoja kwa kasi inayowashinda wenye miwili. Nilimsimulia habari za Mzee, daftari na mtutu ulioziba. Nilimwambia pia kuwa miaka yote nilimhesabu mjomba kuwa mwongo. Alikata uzi kwa meno, akatikisa kichwa. "Mjomba hakusema uongo, ndugu yangu," akasema. "Aliamini. Kama angekuwa mwongo angeielekeza kwingine." Mjomba alifariki bila mimi kumwamkia vyema kwa zaidi ya miaka kumi. Deni hilo siwezi kulilipa kwa insha.

Huenda msomaji bado anajiuliza haya yanamhusuje mwanafunzi wa fasihi. Kwa tasnifu yangu ya uzamili nanukuu mswada wa utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu, nikiuhamishia hati za Kilatini ubeti kwa ubeti. Kila ukurasa niuhamishao hupaswa kulinganishwa tena na mswada, mshororo kwa mshororo, kisha nitie alama pambizoni kuwa nimehakiki. Usiku mmoja mwaka 2024, macho yakiwa mazito, niliuona mkono wangu ukitia alama chini ya ukurasa ilhali nilikuwa nimelinganisha nusu tu. Niliutambua mkono ule. Nilifuta alama, nikaanza tena kwenye ubeti wa kwanza wa ukurasa. Katika nusu ile ambayo sikuwa nimeilinganisha nilikuta mshororo mmoja niliouruka. Msimamizi wangu asingeuona, kwani yeye huliamini daftari. Watahini wasingeuona. Mtafiti wa miaka 20 ijayo angeunukuu ubeti wangu kilema na kumlaumu mtunzi kwa kuboronga arudhi, mtunzi ambaye hana tena kinywa cha kujitetea.

Wanakiswahili wenzangu, kazi yetu imejaa alama za vema. Twaandika "taz." kwa kitabu tusichokifungua, twanukuu ukurasa tulioupata katika tasnifu ya mwingine, twatia saini kuwa tumesoma. Hakuna mtutu utakaopasuka mikononi mwetu, na pengine ndiyo sababu uzembe wetu hudumu zaidi kuliko wa watu wa shabaha. Mzee angali anashindana. Hunitumia barua pepe kwa Kiswahili chake kilichonyooka, na mwishoni mwa kila barua, mahali ambapo wengine huandika "wako mwaminifu", yeye huandika neno moja, "Nimeona." Nami, kabla sijaijibu, huirudia barua yake tangu mstari wa kwanza.